Uvungu wa Baraza la Mbao Kibosho: Kuku, Kuni au Kiti?

Swali. Shikamoo fundi. Nyumba yetu iko Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ndani ya kihamba (shamba la ukoo) cha familia ya mume wangu, na kiwanja kinateremka. Mwaka jana tuliongeza baraza la mbao upande wa bondeni, urefu mita 6 na upana mita 3, halina paa. Chini yake pamebaki uvungu. Kwenye ukuta wa nyumba kimo ni sentimita 80, upande wa nje ni mita 1.9 mpaka chini ya mbao za sakafu. Mvua ikinyesha maji yanachuruzika kwenye nafasi za mbao, panakuwa tope tupu. Hakuna kinachoota. Kuku wa mama mkwe wanataga kule ndani kabisa, hatuwafikii. Mume wangu anataka banda la kuku, mama mkwe anataka pa kuweka kuni, mimi natamani mahali pa kukaa kivulini na maua kidogo. Fundi aliyetujengea anasema tuchimbe tushuke chini, tuzungushie matofali, tupate chumba. Tufanye lipi?

Jibu. Marahaba, mama. Watu wanne mnagombea mita za mraba 18, na bado kuku hawajaulizwa.

Niseme kwanza kuwa nimefurahi umeandika uvungu. Vijana wanaojenga nyumba za wageni huku juu wanaliita baraza la namna hiyo deki, na sisi wengine tukisikia deki tunatafuta ndoo na tambara. Uvungu ni neno lake hasa, kwa sababu hupatwa na yale yale yanayoupata uvungu wa kitanda: kila kisichotakiwa kuonwa na mgeni kinasukumiwa humo. Nimeinama chini ya mabaraza mengi ya Moshi na Arusha, na vitu ni vile vile. Bati lililobaki, sinki lililopasuka, matairi mawili, baiskeli ya mtoto ambaye sasa yuko chuo. Ninyi mmewahi kuuliza kabla mambo hayajafika huko.

Pia umenipa vipimo. Wengi hunitumia picha iliyopigwa saa sita mchana mwezi wa Septemba, ardhi kavu, kisha wananiuliza waweke nini. Uvungu haujulikani kiangazi. Swali la nini kikae humo ni la pili. La kwanza ni maji yanaingiaje na yanatokaje. Ukilimaliza hilo, mama mkwe na wewe mtapata sehemu zenu bila ugomvi. Usipolimaliza, kuni zitaota kuvu, kiti kitaoza miguu, na nguzo za baraza zitafuata.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hii: mvua kubwa ijayo, vaa gambuti, chukua tochi, ingia humo ukae nusu saa. Tazama maji yanatoka wapi. Yapo ya aina tatu na kila moja lina dawa yake. Yapo yanayodondoka kutoka juu kupitia nafasi za mbao, haya umeshayaona. Yapo ya paa la nyumba, hasa kama gata haipo au bomba lake linaishia karibu na ukuta. Na yapo yanayotambaa ardhini kutoka juu ya kiwanja, yakipita pembeni mwa nyumba au yakitokea chini ya msingi kama jasho. Haya ya tatu ndiyo watu huyasahau, na huku mlimani ndiyo mengi.

Ya ardhini yanakatiwa njia kabla hayajafika. Upande wa juu wa nyumba, mita moja na nusu hivi kutoka ukutani, chimba mfereji wenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 30 hadi 40, uzunguke nyumba na kutokea pembeni. Ushuke sentimita 1 kwa kila mita, si zaidi sana, maana maji yakikimbia yanabeba udongo. Jaza kokoto kubwa ili watoto wasivunjike miguu. Usiupeleke kwa jirani, upeleke kwenye migomba yenu. Sihitaji kumfundisha mtu wa Kibosho kuchora mfereji. Wazee wa huku walikuwa wanatoa maji mtoni wakayapitisha kwenye mifongo kilomita kadhaa kwa kukadiria kwa jicho, na migomba ikanywa. Sisi wajukuu tunashindwa kuyatoa maji ya paa mita kumi. Mfereji huo ukamilike kabla ya Machi. Masika ikiwakuta mmefika nusu, mtakuwa mmeyachimbia maji njia ya kuingilia ndani.

Ya paa ni gata na bomba, na hapo sina maneno mengi. Nitasema tu kwamba uvungu wenu ni mahali pazuri pa tangi, kwa sababu tangi lisilopigwa na jua halioteshi ukijani haraka, na milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 20 linatoa lita 1,600. Toa zinazoruka na kumwagika, bado lita 1,200 na ushee mnazo. Lakini kumbukeni tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja. Liwekwe juu ya jukwaa la mawe na zege kwenye ardhi ngumu, kamwe lisiwekwe juu ya udongo mliojaza juzi. Wasomaji wangu wa upande wa Arusha, wa Usa River na Ngaramtoni, hili liwahusu zaidi: maji ya visima vingi kwenu yana floraidi nyingi kupita kiasi kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya watu wenu yanashuhudia. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Ila yawe ya paa. Yanayopita kwenye sakafu ya baraza yameoshea miguu na kinyesi cha ndege, hayo ni ya migomba.

Sasa yanayodondoka. Mvua ya milimita 30, ambayo kwenu masika si ajabu, inaangusha lita 540 kwenye baraza la ukubwa huo. Zote zinapita kwenye nafasi za mbao na kuchimba tope chini ya nguzo. Usizibe nafasi hizo kwa juu, mbao zinahitaji kupumua. Maji yadakwe chini ya sakafu kwa bati.

Hapa fundi wako atahitaji kunisikiliza vizuri. Mbao zinazobeba sakafu nadhani zinatoka ukutani kwenda nje na kukalia boriti kubwa juu ya nguzo za mbele. Wengi hujenga hivyo. Chini ya mbao hizo zipige papi tatu, yaani mbao nyembamba, zikizikata. Ya ukutani ibane kabisa juu, ya katikati ishushwe sentimita 6 kwa vipande vya mbao, ya mbele sentimita 12. Umepata mteremko wa sentimita 12 kwa mita 3, unaotosha kwa bati la kipande kimoja lisilo na kiungo njiani. Bati la mita 3 la migongo ya kawaida hufunika kama sentimita 75 ukishalilaza juu ya mwenzake, kwa hiyo nane zinatosha. Zikazwe kwa skrubu zenye washa za mpira, zikiingia kutoka chini, na tundu lipite kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde lake. Maji hutembea bondeni. Nimekwenda kwa mteja mmoja nikakuta kila tundu liko bondeni, na mwenye nyumba analalamika kuwa bati la siku hizi ni bovu.

Mwisho wa bati umwagike kwenye gata iliyofungwa nyuma ya boriti ya mbele, upande wa ndani. Uzuri wake ni kwamba hizo sentimita 12 hazikupunguzii kimo. Boriti ilikuwa imeshazila. Acha nafasi ya kiganja kati ya bati na ukuta wa nyumba ili hewa ipite juu ya bati na mbao zikauke. Na bati moja lifungwe kwa namna ya kufunguka, kwa sababu majani makavu yatajaa humo juu na siku moja mtahitaji kuyatoa. Kama kuna mgrivea karibu, siku hiyo itakuja mapema.

Ukimaliza hapo una uvungu mkavu. Sasa tuzungumze ugomvi wenu.

Nianze na fundi wenu, kwa heshima ya kazi. Chumba hapana. Umesema mita 1.9 mpaka chini ya mbao za sakafu. Toa unene wa mbao za kubeba, sentimita 15, toa boriti, nyingine 15, unabaki na mita 1.6 mlangoni. Ili mtu asimame wima ndani yake mchimbe karibu sentimita 50 kwenye nguzo za mbele na zaidi ya mita moja na nusu karibu na ukuta wa nyumba. Huko mtakutana na msingi. Sheria tunayoitumia ni rahisi: kutoka ukingo wa chini kabisa wa msingi, fikiria mstari unaoshuka kwa nyuzi 45 kuelekea nje. Udongo ulio chini ya mstari huo ndio unaobeba nyumba, hauguswi. Mchanga na majivu ya volkano ya huku yakikauka yanasimama wima kama ukuta, mtu anajidanganya kuwa ni salama, kisha masika inaingia na ukuta huo unakaa chini kwa usiku mmoja.

Hata kama msingi ungeruhusu, matofali pande zote yanaua baraza. Kuvu zinazoozesha mbao hazipati nafasi mbao zikibaki na unyevu chini ya asilimia 20. Kinachozikausha ni upepo unaopita chini. Mkizungushia ukuta, mvuke wa ardhi unapanda, unagota kwenye mbao, unabaki humo. Miaka michache, mgeni mnene anakanyaga ubao anatumbukia.

Lakini kuna uchimbaji mdogo ninaouruhusu, na ndio utakaokupa kiti chako. Ardhi yenu inapanda kama sentimita 37 kwa kila mita kuelekea nyumbani. Ukianzia usawa wa ardhi kwenye nguzo za mbele, bila kushuka hata kidogo chini ya hapo, ukaingia ndani mita 1.2 ukiusawazisha, utakata ukingo wa sentimita 44. Huo ukingo ujengeeni mawe ya mlimani na saruji, juu lala mawe bapa. Sentimita 44 ni kimo cha kiti! Mmejenga ukuta wa kuzuia udongo na benchi la mita 6 kwa mpigo mmoja. Na bado mko mita 1.8 kutoka ukutani, mbali na ule mstari wa nyuzi 45. Achieni vitundu chini ya benchi, kila mita moja, mpitishe vipande vya bomba ili maji yaliyo nyuma yasisukume mawe. Sakafu hapo iwe kokoto au mawe bapa, ishuke kidogo kuelekea nje, sentimita 2 kwa mita. Saruji tupu sipendi, inatoa jasho na watoto wanateleza.

Nani atasimama humo? Hakuna, isipokuwa watoto. Mtu mzima atainama kuingia, atakaa, ataweka kikombe pembeni. Kwa kukaa, mita 1.6 ni nyingi. Ukingo wa boriti uzungushieni kamba ya katani au mpira, kwa ajili ya paji la uso la mume wako.

Kuni sasa. Mama mkwe ana haki, na mahali pake papo: ncha moja ya uvungu, ile inayopata upepo zaidi. Kuni hukauka kwa upepo kuliko jua. Zipangwe juu ya kichanja kilichoinuka sentimita 30, ncha zilizokatwa zikitazama nje, na ziwe mbali na ukuta wa nyumba na nguzo kwa angalau shibiri mbili. Sababu ni mchwa. Mchwa hapendi mwanga wala hewa kavu, anajenga kile kichirizi cha udongo kama mshipa kwenye ukuta na kupanda humo. Kuni zikigusa nguzo, mmemkopesha daraja. Kila mwezi mtu mmoja apite na tochi akague nguzo na ukuta. Kichirizi kikionekana kivunjwe na chanzo kitafutwe. Kichanja kilichoinuka kinafukuza na nyoka pia, kwa kuwa hana pa kujiviringisha asionekane.

Mwambie mama mkwe jambo jingine moja, nalo ni zito. Vile vipande vya mbao vilivyobaki mlipojenga baraza, kama vina rangi ya kijani kwa dawa, visiingie jikoni. Dawa hiyo kwa kawaida ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu, iwe kwenye moshi au kwenye majivu. Wala majivu yake yasimwagwe migombani. Najua vinashika moto vizuri, na ndiyo maana nasema.

Zaidi ya kuni, mtundikieni humo mikungu ya ndizi. Kivuli, ubaridi, upepo kiasi: ndizi zitaiva taratibu, na siku ya kupika mbege, pombe yetu ya ndizi, mtakuwa nazo. Ila mbege yenyewe isipikwe humo. Hakuna moto chini ya baraza la mbao, si jiko la mkaa, si la nyama choma. Na mtungi wa gesi usihifadhiwe humo hata kama mnadhani mnaupeleka mbali na jiko kwa usalama. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inakwenda chini na kutulia, na uvungu ni bakuli lililotegwa vizuri kuisubiri.

Kuku. Baba wa nyumba anisamehe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado naamini kila nafasi tupu ni hasara, niliweka kuku kumi na wawili chini ya baraza la nyumba yangu Arusha. Nilijenga banda zuri, la kusifiwa. Juma la tatu, mke wangu hakusema kitu. Alihamishia meza ya chai jikoni. Harufu ya mbolea ya kuku ni hewa inayopanda, na juu ya uvungu ndipo mnapokaa na wageni. Pamoja nayo hupanda utitiri na viroboto, na unyevu wa mbolea unashambulia mbao kwa chini. Sungura nao wana shida hiyo hiyo, mkojo wao ni mkali zaidi. Kihamba hakikosi kona ya banda, mita kumi au kumi na tano upande usio wa upepo, chini ya migomba, ambako mbolea itakuwa imeshafika inakotakiwa. Wengine wataniuliza uyoga, maana wamesikia unapenda giza. Unapenda, na unapenda unyevu mwingi mno, ambao ndio tumehangaika kuutoa.

Nimeacha maua mwisho, si kwa kuwa ni madogo. Kibosho iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, mlima uko kaskazini yenu, kwa hiyo bonde lenu linatazama kusini. Mtu wa Rombo ambaye mteremko wake unatazama mashariki asinakili jibu hili. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana hupita kaskazini, nyuma ya nyumba yenu, na haliingii uvunguni kabisa. Oktoba hadi mwanzo wa Machi linahamia kusini, lakini hata Desemba linapolala zaidi, mchana linaegemea nyuzi 20 tu kutoka utosini. Kwa kimo chenu, linaingia sentimita 70 hivi kutoka ukingo wa baraza, basi. Linaloingia ndani zaidi ni la asubuhi na jioni, kupitia zile ncha mbili, mashariki na magharibi. Na Juni na Julai, mnajua wenyewe, wingu linalala juu ya Kibosho siku nzima, hata nje ni kijivu.

Maana yake ni kwamba mchicha, nyanya na waridi msivijaribu. Kabla ya kununua mmea wowote fanya hivi: saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale unapotaka kupanda, nyoosha kiganja juu yake kama futi moja. Kivuli cha kiganja kikiwa na kingo kali, pana mwanga wa mboga. Kikiwa hafifu chenye ukungu, ni pa mimea ya kivulini. Usipoona kivuli chochote, weka mtungi wa udongo mtupu, utapendeza. Ukuta wa nyumba uliomo humo upigeni chokaa nyeupe. Pamoja na lile bati jipya juu, mtashangaa mwanga unavyoongezeka.

Kwenye kivuli hafifu ningeanza na masale, ule mmea wa majani marefu ambao Wachagga hupeana wakiombana radhi. Hakuna nyumba ya Kichagga inayokosa pa kuyachukua, yanavumilia kivuli, na yakipandwa kwenye ncha mbili za uvungu yanakuwa pazia bila kuziba upepo. Tena, kwa jinsi mnavyobishana watu wanne, si vibaya kuwa na isale karibu la kuombana radhi. Pale bomba la gata ya baraza linapomwaga, pandeni magimbi. Hapo ndipo pao. Kihamba chenyewe ndicho mwalimu: mti mrefu juu, mgomba chini yake, kahawa chini ya mgomba, gimbi chini ya vyote, na kila mmoja anachukua mwanga uliobakizwa na aliye juu. Huo mpangilio wa Shimbwe Juu, jirani zenu wa Uru, ulitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Nanyi mnaongeza tabaka moja tu, la mbao.

Juu ya benchi, nyuma ya mgongo wa anayekaa, wekeni vyungu vya Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Wazungu wanalipanga madirishani kote Ulaya tangu Mjerumani mmoja mtawala wa Tanga alipotuma mbegu zake kwao mwaka 1892, na wengi hawajui kuwa kwao ni Usambara, kwenye miamba ya kivulini, milima ile mnayoipita mkienda Dar. Halitaki jua la moja kwa moja wala maji juu ya majani, limwagilieni kwa chini. Ukimaliza kulipenda hilo, usipande mlimani kung'oa lile ua jekundu na manjano la msituni, Impatiens kilimanjari. Haliko kwingine duniani ila Kilimanjaro, na huko juu ni hifadhi.

Kuhusu mbu: si giza linalowazalisha, ni maji yaliyosimama zaidi ya juma. Gata ya ndani ikiinama katikati na kushika maji, mmewajengea. Ipimwe kwa mpira wa maji, isiaminiwe jicho.

Umebaki uvungu wa ndani kabisa, nyuma ya benchi, ambako kimo kinashuka hadi sentimita 80 na mtu anaingia kwa magoti. Wekeni humo vitu vya mara moja kwa mwaka, ngazi, mabomba, majembe ya akiba, juu ya mbao, si juu ya udongo. Kama chemba ya maji taka iko humo, mfuniko wake usiwekewe kitu juu na njia ya kuufikia iwepo. Kisha mbele yake, juu ya benchi, fungeni fremu za wavu ule wenye matundu madogo wa kuanikia kahawa, zenye bawaba. Wavu wa kuku haufai, panya anapita akicheka. Hewa itaingia, panya na paka hawataingia.

Wala kuku wa mama mkwe. Kabla ya kufunga, mtumeni mtoto mwembamba aingie na kikapu akakusanye mayai. Ayajaribu kwenye ndoo ya maji kwanza. Yanayoelea yasiletwe jikoni.